Beki aliyejifunga mbele ya Hispania anaweza kuwa mfano wa kocha? Jibu kuhusu Sergei Ignashevich

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni beki wa kati, nina miaka 34. Nimecheza ligi ya mkoa kwa muda mrefu na misimu miwili ya daraja la kwanza. Goti la kulia limeanza kunisumbua, na viongozi wa timu wameniomba nianze kuwafundisha vijana wetu huku nikiendelea kucheza. Tangu Kombe la Dunia la 2018 nimekuwa nikimfuatilia Sergei Ignashevich wa Urusi, kwa sababu naye alikuwa beki mzito asiye na mbio, kama mimi. Wenzangu wananicheka. Wanasema mtu aliyejifunga mbele ya Hispania, na alipokuwa kocha akashuka daraja na timu yake, hawezi kuwa mfano wa kuigwa. Tena wanasema mabeki hawawi makocha wazuri kwa kuwa wanachojua ni kuzuia tu. Je, ni kweli? Na mtu aliyecheza miaka yote hii anahitaji kweli kukaa darasani ili awe kocha?"

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Umeniuliza mambo matatu kwa pamoja: kama Ignashevich anastahili heshima unayompa, kama beki anaweza kugeuka kocha mzuri, na kama uzoefu wa uwanjani unatosha peke yake. Nitaanza na bao lile la kujifunga, kwa sababu ndilo wenzako wanalokurushia, na kwa sababu ukilitazama vizuri utakuta ndani yake kazi yenyewe ya ukocha.

Ilikuwa tarehe 1 Julai 2018, uwanja wa Luzhniki mjini Moscow, hatua ya 16 bora. Dakika ya 12 Hispania walipata faulo upande wao wa kulia, na Marco Asensio akapiga mpira wa juu kuelekea nguzo ya mbali. Huko Ignashevich alikuwa amekabana na Sergio Ramos. Alikuwa ameupa mpira mgongo, mikono yake imemzunguka Ramos, wote wawili wanaanguka, na mpira ukamgonga kisigino ukaingia wavuni. Alikuwa amebakiza siku 13 tu kutimiza miaka 39, na hakuna mchezaji mwenye umri mkubwa kuliko huo aliyewahi kujifunga katika Kombe la Dunia.

Wenzako wanaita hilo uzembe. Mimi naliona kama kosa la kiufundi lenye sababu inayoeleweka. Beki anapolinda mpira wa adhabu ana vitu viwili vya kutazama, mtu na mpira, na hawezi kuvitazama vyote kwa ukamilifu ikiwa mwili wake umeelekea upande mmoja tu. Ndiyo maana tunawafundisha mabeki kusimama ubavu, mguu mmoja mbele, nyonga zikiwa wazi, ili kwa kugeuza shingo tu aweze kuona mpigaji na anayemlinda. Mshambuliaji mjanja kama Ramos anaijua siri hiyo, kwa hiyo anakusogelea, anakushika, anakulazimisha umshike, na ukishaanza mieleka umegeuka mzima kumtazama yeye na mpira umeupoteza. Beki mwenye mbio angeweza kumwachia nafasi ya hatua mbili halafu akamfuata. Asiye na mbio anaogopa kuiachia nafasi hiyo, hivyo anamganda mtu. Kwa maneno mengine, udhaifu wa miguu ulimsukuma kwenye uchaguzi wa mwili, na uchaguzi huo ndio ulioadhibiwa. Wewe uliyesema huna mbio, hebu jitazame kwenye kona za timu yako kama hufanyi hivyo hivyo.

Kuhusu mechi yenyewe, wenzako wameishia dakika ya 12 na kusahau dakika nyingine zaidi ya mia moja. Artem Dzyuba alisawazisha kwa penalti kabla ya mapumziko. Hispania walipiga pasi zaidi ya 1,000 mchana ule, na Urusi, waliopangwa na kocha Stanislav Cherchesov kwa mabeki watano, wakasimama. Ignashevich alicheza muda wote pamoja na dakika 30 za nyongeza, na katika mikwaju ya penalti alikuwa wa pili kwa Urusi kupiga, akafunga. Urusi walishinda 4-3 baada ya Igor Akinfeev kuokoa mikwaju ya Koke na Iago Aspas. Siku sita baadaye mjini Sochi, katika robo fainali dhidi ya Croatia iliyoishia 2-2, alifunga tena mkwaju wake ingawa safari hiyo Urusi walitolewa. Mtu aliyejifunga katika mashindano ya nyumbani, mbele ya watu wake, kisha akatembea kutoka katikati ya uwanja kwenda kupiga penalti katika mechi ile ile, ana kitu ambacho kocha yeyote angetamani wachezaji wake wawe nacho.

Ukumbuke pia kwamba hakutarajiwa kuwepo. Mwezi Mei 2018 alikuwa akimaliza miaka 14 katika klabu yake ya CSKA Moscow, na alikuwa ukingoni mwa safari yake ya uchezaji. Lakini mabeki wa kati Viktor Vasin na Georgi Dzhikiya walikuwa wameumia vibaya magoti, na Ruslan Kambolov naye akaumia dakika za mwisho. Cherchesov alihitaji mtu wa kumsimamia kijana Ilya Kutepov pale katikati, akamwita mzee. Hapo ndipo unapoona tofauti kati ya mchezaji anayekimbia na mchezaji anayepanga wenzake.

Maisha yake ya uchezaji nitayapita haraka, maana matokeo yanapatikana kirahisi. Alizaliwa Moscow mwaka 1979, akalelewa kisoka katika klabu ya Torpedo, akapitia Krylia Sovetov ya Samara, kisha Lokomotiv Moscow ya kocha Yuri Semin, ambako alitwaa ubingwa wa Urusi mwaka 2002. Alipohamia CSKA mwaka 2004 alikuta Akinfeev golini na ndugu pacha Vasili na Aleksei Berezutski kwenye ulinzi, na wanne hao walikaa pamoja kwa muda ambao soka la leo haliruhusu tena. Tarehe 18 Mei 2005, chini ya Valery Gazzaev, waliifunga Sporting 3-1 mjini Lisbon, katika uwanja wa Sporting wenyewe, na kuwa klabu ya kwanza ya Urusi kutwaa Kombe la UEFA. Akaongeza mataji matano ya ligi akiwa na CSKA. Timu ya taifa aliichezea mechi 127, idadi ambayo hakuna Mrusi mwingine aliyekuwa ameifikia. Aliyekuwa akishikilia rekodi kabla yake, Viktor Onopko, naye alicheza kama beki, na alikuwa msaidizi kwenye benchi la ufundi la CSKA wakati Ignashevich akicheza pale.

Sasa tuje kwenye madai kwamba beki anajua kuzuia tu. Madai haya yanatokana na kumtazama beki kwa macho ya mshambuliaji. Beki wa kati ndiye mchezaji wa ndani, ukimwacha kipa, ambaye kwa sehemu kubwa ya mechi ana mchezo wote mbele ya uso wake. Anaona kiungo wake anapopokea mpira akiwa ameziba njia yake mwenyewe, anaona winga wa upande wa pili anapochelewa kurudi, na lazima aseme, kwa sauti na kwa maneno machache, kabla hatari haijatimia. Kwa Ignashevich kulikuwa na zaidi ya hapo: alikuwa na pasi ndefu ya kubadilisha upande, na alipiga faulo na penalti za timu yake. Katika mfumo wa mabeki watatu wa Gazzaev, na baadaye katika ulinzi wa wanne wa Leonid Slutsky, mashambulizi mengi ya CSKA yalianzia mguuni mwake. Kumwita mtu wa namna hiyo mzuiaji tu ni kutomtendea haki.

Hata hivyo, nisikudanganye kwa upande wa pili. Beki anauona mchezo akiwa chini, usawa wa macho ya wachezaji, na akiwa katikati ya goli na goli. Kocha anasimama pembeni. Ukihamia pembeni, kitu cha kwanza utakachogundua ni kwamba umbali kati ya mistari, yaani ulinzi, viungo na washambuliaji, ambao ulikuwa ukiuhisi bila kuupima, sasa unauona wazi, lakini umbali wa kulia na kushoto, ambao ulikuwa ukiuona vizuri, umejificha. Wengi wanaohama hushtuka kwa miezi kadhaa. Wanapiga kelele kuhusu vitu walivyokuwa wakiviona zamani, na vitu vipya vinawapita.

Hapo ndipo jibu la swali lako la darasa linapoanza. Mataji matatu ya mwisho ya ligi ambayo Ignashevich aliyatwaa na CSKA, ya misimu ya 2012/13, 2013/14 na 2015/16, yalipatikana chini ya Slutsky, mtu ambaye hakuwahi kucheza soka la ngazi ya juu. Alikuwa kipa kijana, na akiwa na miaka 19 alianguka kutoka juu ya mti alipokuwa akijaribu kumshusha paka wa jirani, goti likaharibika na safari yake ya uchezaji ikaishia hapo. Mtu huyo aliwasimamia wachezaji wenye medali ya Ulaya, nao wakamsikiliza. Kwa hiyo kucheza sana si sharti. Lakini pia si kitu cha kudharau. Ni mali ghafi, nayo haitumiki mpaka ichakatwe.

Nieleze nina maana gani. Wewe unajua lini beki atoke kwenye mstari kumfuata mshambuliaji anayeshuka kuchukua mpira. Unajua kwa mwili. Mguu unaondoka kabla hujawaza. Kijana wa miaka 15 akikuuliza "nijuaje, mwalimu?", huna jibu, au unamwambia "utazoea". Kozi ya ukocha inakulazimisha utafute jibu. Unaambiwa utenge eneo la mita 30 kwa 40, uweke mabeki wanne, washambuliaji watatu na viungo wawili wa kuwalisha, na utoe kanuni moja tu: beki anatoka ikiwa mshambuliaji amepokea akiwa ametazama goli lake mwenyewe, anabaki ikiwa amepokea akiwa amegeuka. Unachezesha kwa vipindi vifupi, unasimamisha mara chache, unauliza badala ya kutangaza. Baada ya muda unaona beki wa kulia anatoka sawasawa lakini wa kushoto hazibi pengo, basi unabadilisha kanuni, si kumkaripia mtoto. Kujua kitu na kukipanga kiwe zoezi ni kazi mbili tofauti, na hii ya pili haipatikani kwa kucheza.

Barani Ulaya ngazi za leseni ya ukocha, kutoka chini kwenda juu, ni C, B, A na Pro, na ligi kuu ya Urusi inadai kocha mkuu awe na Pro. Huku kwetu CAF ina D, C, B, A na Pro, na kozi zinaendeshwa na shirikisho la nchi, mara nyingi kwa kupitia vyama vya mikoa. Kocha mkuu anayetaka kukaa kwenye benchi katika mashindano ya klabu ya CAF anatakiwa kuwa na leseni ya A angalau, kwa hiyo anayeanza na D leo ana safari ndefu mbele, na ni vizuri aianze mapema.

Nirudi kwa Ignashevich, maana njia aliyoichagua ndiyo inayonifanya nikubaliane nawe kwamba ni mfano mzuri, ingawa si kwa sababu ulizozitaja. Angeweza kungoja CSKA wampe timu ya wakubwa. Rafiki yake Aleksei Berezutski alikwenda njia hiyo, akawa kocha mkuu wa CSKA mwaka 2021, na mwaka uliofuata alikuwa ameshaondoka. Ignashevich alianzia kwa vijana wa CSKA, halafu mwaka 2019 akateremka daraja la pili kuichukua Torpedo, klabu iliyomlea, yenye jina kubwa na mifuko midogo. Hakuipandisha. Msimu wake wa kwanza ligi ilisimamishwa na kufungwa kabla ya wakati kwa sababu ya korona, mwaka 2021 akaondoka, na mwaka uliofuata Torpedo wakapanda wakiwa na kocha mwingine. Mwenye kumpinga anaweza kulitumia hilo, na sitamzuia.

Baltika ya Kaliningrad, aliyoichukua mwaka huo huo wa 2021, ndiyo kazi inayostahili kutazamwa kwa karibu. Kaliningrad ni kipande cha Urusi kilichotengwa na nchi nyingine, kikiwa kati ya Poland na Lithuania, pembeni mwa bahari ya Baltiki. Kila mechi ya ugenini ni safari ya ndege. Baada ya Februari 2022, Umoja wa Ulaya ulipofunga anga lake kwa ndege za Urusi, ndege za kutoka huko zililazimika kuzunguka juu ya bahari, na safari zikarefuka. Mwezi huo huo FIFA na UEFA walizifungia timu za Urusi, hivyo hata ndoto ya kucheza Ulaya, ambayo kocha huitumia kumshawishi mchezaji, ikaondoka. Katika hali hiyo, mwaka 2023 aliipandisha Baltika kwenye ligi kuu, miaka 25 baada ya kushuka mwaka 1998.

Msimu wa 2023/24 timu ikashuka, ikiwa ya 15 kati ya 16. Msimu huo huo ikafika fainali ya Kombe la Urusi, ikafungwa 2-1 na Zenit tarehe 2 Juni 2024, uwanja ule ule wa Luzhniki. Watu wanaona mambo hayo mawili yanapingana. Mimi sioni hivyo. Ligi ya mechi 30 inapima upana wa kikosi: nani anaingia beki wako wa kati anapofungiwa kwa kadi, na miguu inasemaje mwezi Novemba baada ya safari za miezi minne. Kombe linapima siku chache, na timu ndogo iliyopangwa vizuri, inayojua kuvumilia bila mpira na kupiga penalti kwa utulivu, inaweza kuwazidi wakubwa katika siku hizo. Kocha aliyekuwa beki wa namna yake alikuwa na vitu vya kuwapa wachezaji kwa siku chache. Vitu vya kuwapa kwa mechi 30 vinategemea pia mfuko wa klabu, na kwa sehemu ambayo ni yake mwenyewe, vinategemea namna anavyosajili na kuzungusha kikosi. Aliondoka mwaka 2024, na mwaka 2025 Baltika wakapanda tena chini ya Andrey Talalaev.

Ukiniuliza hukumu yangu, ni kocha wa kiwango cha kati ambaye amefanya kazi ngumu katika sehemu ngumu, na bado hajathibitisha kwamba anaweza kuiweka timu ndogo ligi kuu kwa misimu miwili mfululizo. Mchezaji mkubwa, kocha anayeendelea kujengeka. Ukimtaja kwa wenzako, mtaje hivyo, usimkweze kupita kiasi, maana ukimkweza watakushinda kwa hesabu za msimamo wa ligi.

Kwa upande wako naona njia mbili. Ya kwanza ni kukubali ombi la viongozi, kuendelea kucheza huku ukifundisha vijana. Faida yake ni kwamba unajifunza bila kupoteza nafasi yako. Hasara ni kwamba jioni ya mazoezi huwezi kuwa na akili mbili, na vijana watajua upesi kama wewe ni mwalimu wao au ni mchezaji anayepitia. Ya pili ni kumaliza msimu huu, ukaacha kucheza, ukaingia kozi ya D na kuwa msaidizi wa mtu aliyekutangulia. Mimi ningeelekea kwenye ya pili kwa sababu ya goti, lakini kama kipato chako kinategemea kucheza, sitakulaumu ukichagua ya kwanza kwa msimu mmoja. Vyovyote utakavyoamua, makubaliano na viongozi yaandikwe: siku za mazoezi, malipo au nauli, na nani anagharamia kozi. Nenda mwenyewe ofisi ya chama cha soka cha mkoa wako uulize kozi ijayo iko lini na inadai nini, usitegemee ujumbe wa kusambazwa kwenye simu. Na mwombe mkufunzi mmoja aje akutazame ukiwa na vijana, kwa sababu kuna mambo ya namna unavyosimama na unavyosema ambayo mimi siwezi kuyasahihisha kwa maandishi.

Kuhusu goti, hapo sipaswi kubahatisha, na wewe pia usibahatishe. Ikiwa linavimba baada ya mechi, ikiwa linakwama usiweze kulinyoosha, au ikiwa unahisi linakuachia unapogeuka, acha mazoezi ya kugusana na uende hospitali yenye daktari wa mifupa akupime kwa mikono yake, si kununua dawa ya maumivu ili umalizie mechi. Mweleze kwamba unakusudia kufundisha, kwa sababu kocha anasimama saa mbili kwa siku na anaonyesha mazoezi kwa miguu yake, na daktari anatakiwa kujua goti hilo linatarajiwa kufanya kazi gani kwa miaka ishirini ijayo. Majibu yake yakishatoka, ndipo uwajibu viongozi wako.